Laini, Nywila na Mali: Usalama wa Mtandao Katika Ukanda wa Chai

Usalama wa mtandao ni kazi ya kulinda taarifa, fedha na vifaa vilivyounganishwa na simu au intaneti ili asivichukue, asivichezee wala asivizuie mtu asiye na haki navyo. Kazi hiyo ina pande tatu. Wa kwanza ni siri: salio la mwanachama wa Sacco (chama cha akiba na mikopo) lijulikane na yeye pamoja na wahudumu wanaohusika, basi. Wa pili ni uhalisi: kilo za majani chai zilizopimwa kituoni leo ziwe ndizo zitakazohesabiwa siku ya malipo, bila tarakimu hata moja kuguswa njiani. Wa tatu ni upatikanaji, yaani huduma iwepo mwenyewe anapoihitaji.

Upande huu wa tatu husahaulika hadi huduma inapokatika. Mwishoni mwa Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliufurika mfumo wa eCitizen wa serikali ya Kenya kwa maombi bandia mengi mno, mpaka ukalemewa. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini kwa siku kadhaa watu walihangaika kuomba viza na pasipoti, kukata tiketi za treni na kununua tokeni za stima. Hakuna aliyevunja kufuli lolote siku hizo. Njia ilizibwa tu. Oktoba 2024 ndugu wawili raia wa Sudan walishtakiwa Marekani kwa kuhusishwa na kundi hilo.

Mtu aliye katika wadi ya Kimulot, eneobunge la Konoin, kaunti ya Bomet, anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya Nairobi na ya ofisi kubwa. Lakini mkulima mdogo wa huko, mwenye shamba la chai lisilozidi ekari chache, hupimiwa majani kwa mizani ya kielektroniki, hulipwa malipo ya mwezi na bonasi kupitia benki au Sacco, hutuma karo kwa paybill, hukopa kwa simu na hujaza fomu za kodi mtandaoni. Tangu M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoanzishwa na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007, namba ya simu imeongezewa kazi mwaka baada ya mwaka. M-Shwari ilikuja Novemba 2012 na kuifanya njia ya kuweka akiba na kukopa. Fuliza, huduma ya kutumia pesa zaidi ya salio, ikafuata mwaka 2019, na mikopo ya serikali ya Hustler Fund mwishoni mwa 2022. Benki na Sacco nazo hutuma namba za uthibitisho kwa laini hiyohiyo. Ndiyo maana mazungumzo yoyote ya maana kuhusu usalama wa mtandao katika vilima hivi huanza na laini ya simu. Kompyuta huja baadaye.

Jinsi laini inavyoibwa

Kadi ya simu ikipotea au ikiungua, mwenyewe ana haki ya kupewa nyingine yenye namba ileile. Ni huduma halali, na bila hiyo kila aliyeangusha simu mtoni angepoteza namba yake milele. Wizi unaoitwa mitaani kuswapu laini huitumia huduma hiyo. Mwizi hujifanya ndiye mwenye namba, hudai kwamba kadi yake imeharibika, na namba huhamishiwa kwenye kadi iliyo mkononi mwake. Wakati mwingine humhadaa wakala, na wakati mwingine hushirikiana na mfanyakazi asiye mwaminifu. Tangu dakika hiyo, simu na jumbe zote za mwenye namba humfikia mwizi.

Namba ya siri ya M-Pesa haimo ndani ya kadi, imo katika mitambo ya kampuni. Kwa hiyo kupata laini peke yake hakumpi mwizi pesa. Atahitaji kuijua namba hiyo, kuikisia, au kuibadilisha kwa kujibu maswali ya utambulisho: namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, namba zilizopigiwa karibuni, kiasi kilichotumwa mara ya mwisho. Sehemu kubwa ya majibu hayo tayari iko nje. Namba ya kitambulisho na ya simu huandikwa katika daftari la mlinzi kwenye lango la kila jengo la mjini, katika kitabu cha wakala, na katika orodha za michango ya harambee zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Yaliyobaki mwizi huyauliza mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya upole, akijitambulisha kama mhudumu wa wateja. Mwaka 2022, Wakenya walipotakiwa kuhakiki usajili wa laini zao na muda wa mwisho ukasogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba, mtu aliyepigiwa na kuambiwa «laini yako itafungwa leo jioni usipothibitisha» alikuwa na kila sababu ya kuamini.

Akishaingia, mwizi hafanyi ajizi. Hutoa salio, huhamisha akiba ya M-Shwari, huchukua mkopo na Fuliza kwa jina la mwenye namba, kisha hujaribu programu ya benki au ya Sacco, kwa kuwa namba za uthibitisho sasa zinamjia yeye. Hapo ndipo hasara huzidi salio lililokuwapo: mtu hulala na shilingi elfu mbili kwenye simu na kuamka akidaiwa mikopo asiyoijua.

Mulot, mji ulioko mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa mara kwa mara katika taarifa za Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kuhusu kukamatwa kwa washukiwa wa wizi wa namna hii. Majina yanafanana, lakini Mulot na Kimulot ni sehemu mbili tofauti, na si haki kuwapaka watu wa mji mzima uchafu wa matendo ya genge. Wala si Mulot pekee: jina la gereza la Kamiti nalo limehusishwa kwa miaka mingi na simu za ulaghai. Funzo lenye faida katika habari za Mulot ni jingine. Tapeli wa mtandaoni huchorwa kama kijana wa nchi za mbali aliyeinamia kompyuta gizani, ilhali anayempigia mkulima wa Konoin huenda akaamkia «chamgei», akazungumza Kikalenjin fasaha, na akajua fika kwamba bonasi hutoka kati ya Septemba na Oktoba. Lafudhi ya nyumbani haithibitishi chochote.

Kinga ya laini si ngumu. Mteja wa Safaricom anayebonyeza *100*100# huzuia namba yake isibadilishiwe kadi na wakala. Ubadilishaji utawezekana tu akifika mwenyewe katika duka la kampuni. Kwa mkazi wa Kimulot hilo linamaanisha safari siku kadi itakapoharibika kweli, lakini ni gharama ndogo. *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na asiyoitambua aripoti ili ifungwe. Mipangilio ya simu yoyote, hata kabambe ya vitufe, ina sehemu ya kuifungia kadi kwa namba yake ya siri. Ikiwashwa, mwizi aliyepora simu hawezi kuichomoa kadi na kuitumia katika simu nyingine bila namba hiyo, na akikosea mara tatu kadi hujifunga. Watu wachache mno hutumia kinga hii, ingawa imekuwamo katika simu tangu zamani na haigharimu hata shilingi.

Namba ya siri ya M-Pesa ina tarakimu nne, yaani zipo 10,000 tu za kuchagua, na anayechagua mwaka wake wa kuzaliwa humpunguzia mwizi kazi hadi makisio machache. Mhudumu wa kweli hana haja ya kuiuliza namba hiyo kamwe. Safaricom imewaeleza wateja wake kwamba huwapigia kwa namba moja tu, 0722 000 000. Anayepiga kwa namba ya kawaida akidai anatoka huko akatiwe simu.

Dalili ya kwanza ya laini kuhamishwa ni simu kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo za majirani zinafanya kazi. Katika nchi ya milima na mvua za mawe, mtandao ukipotea watu husubiri urudi. Kusubiri huko ndiko humpa mwizi nafasi. Mwenye namba aazime simu ya jirani papo hapo, apige huduma ya kampuni ya simu na kuomba laini ifungwe, kisha apigie benki na Sacco yake.

Maneno matamu na jumbe bandia

Wizi mwingi hauhitaji hata kuswapu laini. Huhitaji mwathiriwa afanye jambo kwa mkono wake mwenyewe kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Chombo cha tapeli ni haraka: mtoto amelazwa, gari limekamatwa, nafasi ya kazi inafungwa saa sita, zawadi itapewa mwingine. Kila ombi linalochanganya pesa, siri na haraka linastahili kusimamishwa, hata linapoonekana kutoka kwa ndugu.

Mfano wa kila siku ni ule wa pesa «zilizotumwa kimakosa». Ujumbe huingia ukisema mtu amepokea, kwa mfano, shilingi 3,500. Baada ya dakika moja mwanamke hupiga simu akilia kwamba zilikuwa za dawa, arudishiwe. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja chini ya jina MPESA. Ule wa uongo mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida, na salio lililoandikwa ndani yake halilingani na la kweli. Jibu salama ni kutazama salio kwa njia ya kawaida, si kwa kusoma ujumbe, na kutotuma chochote. Ikiwa kweli pesa ziliingia, aliyetuma anayo njia yake: huupeleka ujumbe wake wa muamala kwa namba 456 na kuomba urejeshwe. Anayezirudisha mwenyewe anaweza kujikuta amelipa mara mbili, mwenzake akishafanikiwa kurejeshewa muamala wa kwanza.

Ujumbe bandia huwaumiza wenye maduka zaidi, hasa siku za soko, foleni inapokuwa ndefu na mteja anapoinua simu yake kuonyesha kwamba ameshalipa. Simu ya mteja si ushahidi wa malipo. Ushahidi ni ujumbe uliofika kwenye simu ya duka, au salio la till, yaani namba ya malipo ya duka, lililoongezeka.

Viungo vinavyotumwa kwa WhatsApp na Facebook ni mtego wa aina ileile kwa watu wenye simu za kisasa. Kiungo hufungua ukurasa unaofanana kabisa na wa benki au wa ajira serikalini, na kila kinachoandikwa humo huenda moja kwa moja kwa aliyeutengeneza. Anwani ya ukurasa isomwe herufi kwa herufi, au, lililo bora, mtu asipitie kiungo alichotumiwa: aiandike mwenyewe anwani anayoijua. Programu zisipakuliwe kutoka faili zinazozunguka kwenye makundi. Faili yenye jina la kuvutia inaweza kubeba programu inayosoma jumbe zote, zikiwamo namba za uthibitisho.

WhatsApp yenyewe huibwa kwa namba ya tarakimu sita. Tapeli huandika namba ya mtu katika simu yake, mtandao hutuma namba ya uthibitisho kwa mwenyewe, kisha tapeli, akitumia akaunti ya rafiki aliyekwisha kuibiwa, humwomba amtumie «namba iliyokuja kwako kimakosa». Akitumiwa, akaunti imekwenda, na ndugu wote huanza kuombwa pesa kwa jina lake. Kuwasha uthibitisho wa hatua mbili ndani ya mipangilio ya WhatsApp, pamoja na namba ya siri ya ziada, huufunga mlango huo.

Saiba na daftari la nywila

Katika miji midogo ya ukanda wa chai, kama Mogogosiek na Litein, huduma nyingi za serikali hupitia saiba, yaani maduka ya kompyuta na intaneti. Mzazi huomba cheti cha kuzaliwa, mwanafunzi huomba mkopo wa masomo wa HELB, mfanyabiashara hujaza fomu za kodi za KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Wahudumu wa saiba wanafanya kazi kubwa ambayo serikali haijaifikisha mlangoni mwa mwananchi, na wengi wao ni waaminifu. Tatizo liko katika utaratibu. Mteja hutengenezewa akaunti ya barua pepe na ya eCitizen, nywila huchaguliwa na mhudumu, huandikwa katika daftari la saiba «ili usisahau», na mara nyingine huwa ileile kwa wateja wote. Mteja huondoka bila kuijua.

Matokeo yake ni kwamba anayeshika daftari hilo anashika akaunti za kodi, leseni na vitambulisho vya mamia ya watu, na kompyuta yenyewe huwa na nakala za vitambulisho vyao zilizosahaulika baada ya kuchapishwa. Njia ya kulitatua tatizo hilo haidai kuacha kwenda saiba. Mteja aandike nywila yake kwa mkono wake, akiangalia kibodi mwenyewe. Atumie namba yake ya simu, si ya mhudumu, kama namba ya kurejesha akaunti. Ahakikishe kivinjari hakikuihifadhi nywila, ametoka kwenye akaunti, na faili alizoleta zimefutwa. Daftari la nywila, ikiwa lazima liwepo, likae nyumbani kwa mwenye akaunti pamoja na hati ya shamba. Karatasi iliyofungiwa sandukuni ni salama kuliko nywila dhaifu inayokumbukwa na kila mtu, na ushauri wa zamani wa kutoandika nywila popote uliwatesa watu bila faida.

Nywila nzuri ni ndefu kwanza. Maneno manne yasiyohusiana yaliyounganishwa pamoja huwa magumu kukisia na mepesi kukumbuka kuliko neno fupi lililojazwa alama za ajabu. La pili ni kutoirudia. Tovuti ikivamiwa, orodha ya nywila zake huuzwa, na wezi huzijaribu zilezile kwenye barua pepe na benki kwa programu zinazojiendesha. Akaunti ya barua pepe inastahili ulinzi wa juu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayotumika kubadilishia nywila za akaunti nyingine. Iwekewe hatua ya pili ya uthibitisho, na panapowezekana hatua hiyo itoke kwenye programu maalumu ndani ya simu badala ya ujumbe mfupi. Sababu imekwisha kuonekana: ujumbe mfupi huifuata laini, na laini inaweza kuibwa.

Kinga nyingine inayopuuzwa ni masasisho ya programu: husumbua, hula bando, na huahirishwa, lakini kuyaahirisha kuna gharama. Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 na kudai fidia; hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya udhaifu uliotumiwa na programu hiyo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliosasisha walipona.

Biashara na vyama

Biashara ina kila hatari iliyotajwa, ikiongezewa watu wengi, pesa za wengine na taarifa za wengine. Duka la M-Pesa, shule, zahanati, Sacco na kiwanda cha chai vinatofautiana kwa ukubwa, lakini swali la kwanza ni moja: nani anaweza kufanya nini? Katika maduka mengi, mwenye duka na mwuzaji hutumia simu moja na namba moja ya siri. Pesa zikipungua hakuna anayeweza kuonyeshwa kuwa ndiye au siye, na urafiki wa miaka huvunjika kwa shaka. Kila mfanyakazi awe na nywila yake, apewe ruhusa zinazotosha kazi yake tu, na anapoacha kazi ruhusa hizo zifutwe siku hiyohiyo. Kuhusu till, ni bora mwuzaji aone malipo yanapoingia lakini uwezo wa kutoa fedha ubaki kwa mwenyewe.

Kwa Sacco, zilizo chini ya mamlaka ya kuzisimamia, SASRA, na hata zile ndogo, kanuni ya watu wawili haina mbadala: anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha. Wizi mkubwa wa vyama vya fedha mara nyingi huwa na mkono wa mtu wa ndani, na mfumo unaomlazimisha mwizi kumtafuta mwenzake huwa umekwisha kuupunguza wizi. Kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo na saa ngapi zihifadhiwe mahali ambapo msimamizi wa mitambo hawezi kuzifuta peke yake, kisha zisomwe, kwani kumbukumbu zisizosomwa hazimzuii yeyote.

Biashara ya chai ina hatari yake mahususi. Chai ya vilima hivi husafiri kupitia madalali hadi mnada wa Mombasa, ambao tangu 2020 huendeshwa kielektroniki, na wanunuzi wake wako mbali; Pakistan ndiyo mteja mkubwa kuliko wote. Hati za mizigo na ankara hupita kwa barua pepe. Mwizi akipata nywila ya barua pepe ya mhasibu mmoja, haibi chochote siku hiyo. Husoma kimya kwa wiki kadhaa, hujifunza namna watu wanavyoandikiana, hungoja ankara kubwa, ndipo hutuma ujumbe kutoka anwani inayotofautiana na ya kweli kwa herufi moja: «akaunti yetu ya benki imebadilika, lipeni hapa.» Mlipaji hulipa kwa nia njema. Wizi huu hauna virusi vya kukamatwa na programu ya kinga, na unaweza kumpata mwenye duka la pembejeo anayenunua mbolea Nakuru sawasawa na msafirishaji wa makontena. Dawa yake ni kuthibitisha kwa njia ya pili. Taarifa ya kubadilisha akaunti iliyokuja kwa barua pepe ithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyokuwapo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe huo.

Hatari nyingine huingia kupitia kampuni ya kati. Oktoba 2020 nchini Uganda, wezi waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha huduma za pesa za MTN, Airtel na benki ya Stanbic, na miamala kati ya mitandao hiyo ikasimamishwa kwa siku kadhaa. Chama kinachonunua mfumo wa hesabu kutoka kwa mtu mwingine kimenunua pia udhaifu wake, kwa hiyo kiulize, kabla ya kutia saini, ni nani mwenye nywila kuu na data inakaa wapi.

Programu hasidi za kudai fidia hufunga faili zote kisha hutaka malipo ili zifunguliwe, na siku hizi huiba nakala kwanza ili kutishia kuzichapisha. Aprili 2023 msururu wa maduka ya Naivas ulitangaza kwamba ulishambuliwa hivyo na sehemu ya data yake kuchukuliwa. Kinga pekee ya uhakika dhidi ya kufungiwa ni nakala rudufu: nakala tatu za data muhimu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa na isiyounganishwa na mtandao. Diski iliyochomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima itafungwa pamoja na kompyuta. Nakala zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli angalau mara chache kwa mwaka. Katika Bomet na Kericho, ambako radi ni nyingi na stima hukatika, nakala hizo zitaokoa biashara mara nyingi kwa sababu ya umeme kabla hazijahitajika kwa sababu ya wezi. Kuhusu kulipa fidia, ushauri wa vyombo vya usalama karibu kila nchi ni kutolipa, maana mwizi halazimiki kutimiza ahadi yake.

Sheria na wajibu

Kenya ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao mwaka 2018. Kwa sheria hiyo, kuingia bila idhini katika mfumo wa mtu kunaweza kumletea mkosaji faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kuwahadaa watu kwa tovuti au jumbe bandia ili watoe taarifa zao, faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwageukia wanaoshika taarifa za wengine. Shule yenye picha na alama za watoto, zahanati yenye majalada na Sacco yenye nakala za vitambulisho zote ziko chini yake. Taarifa zichukuliwe zile tu zinazohitajika, kwa idhini au sababu halali nyingine, zitunzwe salama, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ijulishwe ndani ya saa 72. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa usajili, lakini msamaha huo hauzihusu shughuli kama elimu, afya na huduma za fedha. Ofisi hiyo imeonyesha kwamba haitishi kwa maneno tu. Septemba 2023 iliitoza Roma School shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia jumbe za vitisho. Mtu anayeruhusu programu ya mkopo isome orodha yake ya namba anawaingiza ndugu na jirani katika deni lake bila kuwauliza.

Tukio likishatokea

Mpangilio wa hatua baada ya wizi una maana, kwa sababu pesa za simu hupita akaunti kadhaa ndani ya dakika chache. Kwanza ni kuzuia: kufungisha laini, kuzuia akaunti ya benki na ya Sacco, kubadilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Kompyuta iliyovamiwa itolewe kwenye mtandao, isizimwe wala kusafishwa kabla mtaalamu hajaitazama. Pili ni kuwaarifu wengine, ili ndugu wasitume pesa kwa jina lililoibwa. Aibu huwanyamazisha watu wengi hapa, hasa wazee na watu wenye vyeo, na tapeli hutegemea ukimya huo kumwendea jirani wa pili kwa hila ileile.

Tatu ni kuripoti. Ripoti hupelekwa kituo cha polisi kilicho karibu, ambako huandikwa katika kitabu cha matukio (OB), au DCI kwa namba ya bure 0800 722 203. Kampuni na taasisi zinaweza pia kukiarifu kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandao, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Jumbe za tapeli zisifutwe kwa hasira: zipigwe picha zikionyesha namba, tarehe na saa, na namba za miamala ziandikwe zote, hata za miamala iliyoshindikana. Namba ya OB inakiliwe pamoja nazo, kwa kuwa benki na kampuni ya simu zinaweza kuitaka kabla ya kushughulikia dai la kurejeshewa fedha au la kufutiwa mkopo uliochukuliwa na mwizi.